Mota Iliyopimwa Jumatatu

Juzi mjukuu wangu Achieng, yule anayesomea uhandisi, alifika hapa Migori na kompyuta yake, akasukuma sahani ya omena kando na kuniwekea mezani picha ya mota. Haikuwa picha ya kawaida. Mota ilikuwa imepasuliwa katikati na kupakwa rangi: nje buluu, kisha kijani, kisha manjano, na ndani kabisa, pale koili zinapolala kwenye mifereji ya chuma, nyekundu kama pilipili.

"Kwaro," akaniambia, yaani babu kwa Kijaluo, "hili ndilo joto la koili. Hatuunguzi mota hata moja. Kompyuta inapiga hesabu yote."

Nikavaa miwani, nikaangalia sana. Halafu nikamuuliza, "Na anayekaa na hii mota ni nani?"

Akacheka. "Hakuna mtu, Kwaro. Ni modeli."

Basi ndiyo sababu naandika. Siandiki kwa Achieng peke yake, ni kwenu nyote mnaoshika shaba: nyinyi mliomaliza chuo juzi, na nyinyi wa Osiri mnaoniletea mota za mashine za kusaga mawe ya dhahabu, mmezifunga gunia eti zisiingie vumbi. Gunia! Mota inapumulia pale pale mlipofunga. Kuna bwana mmoja nimemsukia upya waya za mota mara mbili kwa sababu ya gunia moja, na mara ya pili alikuja nalo mkononi, amelifua kabisa, anataka nione jinsi lilivyo safi.

Sitawacheka sana, maana mimi niliwahi kuunguza mota kubwa kuliko hizo zenu zote, na sikutumia gunia. Nilitumia penseli.

Ilikuwa Homa Bay, miaka ya sitini, Uhuru tumeshaupata na kila mtu ana haraka. Nilikuwa fundi kijana kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba. Pamba ilikuja kutoka pande zote, kuanzia Kisegi na vilima vya Suba hadi huku Nyatike, kwa malori na kwa punda, na yote ilipitia kwenye mashine zilizozungushwa na shafti moja ndefu. Shafti ile iliendeshwa na mota moja. Mota ikisimama, kiwanda kizima kimesimama, na wakulima wanakaa juu ya magunia yao wakikuangalia.

Bosi wangu karakanani alikuwa Fundi Pritam, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mwenye kilemba cha kijivu na maneno machache. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutoamini kiganja changu. Mafundi wote wakati huo walipima joto kwa mkono: unaweka kiganja kwenye mwili wa mota, unahesabu hadi kumi, ukivumilia basi mota ni nzima. Nami nilijisifu sana, nina kiganja kigumu, nimelima tangu utotoni. Siku moja nikaweka mkono, nikahesabu hadi kumi, nikasema, "Nzima, Fundi." Pritam akafungua kifuniko, akaniambia nisogeze pua. Ndani vanishi ilikuwa inanuka kama sukari iliyoungua.

"Wewe umeshika nje ya nyumba," akasema. "Mgonjwa yuko ndani, amelala kitandani."

Joto la mota, vijana, linazaliwa ndani ya waya wa shaba. Ili litoke, lazima lipite karatasi na pamba iliyozungushiwa waya, lipite chuma, lipite mwili, ndipo lichukuliwe na upepo. Kila mlango linaopita unalichelewesha kidogo. Kwa hiyo nje panaweza kuwa vuguvugu na ndani panaiva. Na kuna kanuni Pritam aliyonisomesha kila wiki hadi nikaiota: kila digrii kumi za ziada, umri wa ile vanishi unakatika nusu. Mota haiungui kwa ghafla. Inazeeka haraka, halafu siku moja inakufa, na kila mtu anamtazama aliyekuwa zamu.

Sasa utajuaje joto la ndani bila kuingiza mkono? Shaba yenyewe inakwambia. Ikipata joto, inakuwa kaidi zaidi kupitisha umeme, na ukaidi huo unapimika. Tulikuwa na kisanduku cha mbao chenye vifundo vya shaba, tulikiita briji. Asubuhi, mota ikiwa baridi, unapima. Mchana, baada ya kazi, unazima na kupima tena. Ukaidi ukipanda sehemu nne kwa mia, joto limepanda digrii kama kumi.

Shida ni kwamba ukizima tu, mota inaanza kupoa, na mpaka umekaza nyaya zako za kupimia, dakika imepita. Hapo ndipo nilipompenda mzee yule. Alisimama na saa yake ya mfukoni, na kila nusu dakika anapiga kelele, "Soma!" Mimi nasoma, yeye anaandika. Soma! Soma! Halafu tunakaa na karatasi ya miraba, tunaweka nukta moja moja, tunachora mstari unaoshuka, kisha tunaurudisha nyuma kwa penseli hadi ile sekunde ya kuzima. Tulikuwa tunakadiria joto ambalo hakuna aliyelisoma. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nywele zilinisimama. Hadi leo sijaona uchawi uliozidi huo, na nimeishi kando ya ziwa hili ambako watu wanajua mambo.

Nikanunua daftari, nikalipa jina Daftari la Joto. Kila mota ya kiwanda ilikuwa na kurasa zake. Nilikuwa na kiburi nalo, sitaki kudanganya. Nilitembea nalo kwapani kama katekista na kitabu chake.

Sasa niwajulishe Jaduong' Elkana, yaani Mzee Elkana. Huyu ndiye aliyeendesha mota ile kubwa, mtu wa Kisegi, Msabato wa kweli kweli, mkimya, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini hivi. Kiwanda kilikuwa kimezoea mwendo wake: Ijumaa saa tisa alasiri anazima mashine, Jumamosi yote ni Sabato, Jumapili asubuhi anawasha. Na kila Ijumaa akishazima, haendi nyumbani. Anatoa mivukuto ya mhunzi aliyoitengeneza upya kwa ngozi ya mbuzi, anapiga magoti kando ya mota, anaipuliza kila tundu, anachokoa manyoya ya pamba kwa burashi, anafuta mwili wote kwa kitambaa mpaka unang'aa. Saa nzima, saa na nusu. Ndipo anakwenda kuoga na kungoja jua lizame.

Hakuna aliyemwagiza. Kwake yeye, Ijumaa ni siku ya maandalizi: nyumba inafagiliwa, chakula cha kesho kinapikwa, viatu vinapigwa rangi, na mota, kwa kuwa ilikuwa chini ya mkono wake, nayo inasafishwa. Mimi ni Mkatoliki, na tulipenda kutaniana. Nilikuwa nikipita namwambia, "Jaduong', hata mota unaibatiza?" Naye bila kuinua kichwa, "Ndiyo, na ni ubatizo wa kuzamisha kabisa. Si kunyunyizia kama nyinyi." Tunacheka, napita zangu. Nilidhani ni ibada tu.

Mwaka ule pamba ilizaa hadi ikakosa pa kuwekwa. Magunia yalifika barabarani. Meneja wetu, mtu wa mbio, akaamua kiwanda kifanye kazi bila kusimama. Jumamosi ataweka mwendeshaji mwingine, Ijumaa mashine haitazimwa, watapokezana tu ikiwa inazunguka. Akaja karakanani kuuliza kama mota itastahimili. Pritam alikuwa Kisumu, amelazwa kwa kifua. Nilikuwepo mimi na daftari langu.

"Nipe hadi Jumatatu," nikasema, kwa sauti nene.

Jumatatu alfajiri nikapima baridi. Saa sita, waliposimama kula, nikapima moto, na nikajipigia kelele mwenyewe, Soma! Nikachora mstari, nikaurudisha nyuma. Joto la wastani, digrii themanini na mbili. Nikaongeza kumi kwa ajili ya ndani kabisa, pale pasipofikiwa na upepo. Tisini na mbili. Mpaka wa pamba na vanishi ya mota ile ni mia moja na tano. Jamani, palibaki nafasi ya kucheza mpira! Nikaandika safi: inaweza. Nikatia sahihi.

Elkana alinijia jioni ile. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, ingawa yeye ndiye mkubwa. Akauliza jambo moja tu.

"Fundi Ouma, sasa mimi nitaipuliza lini?"

Na mimi, daftari mbele yangu, nikamjibu, "Jaduong', usijali. Hesabu imesema inatosha."

Akavaa kofia, akaenda. Ningempa kitu chochote kile aniulize tena siku ile.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, meneja akanipiga bega mbele ya watu. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, saa nane mchana, nilisikia mota ikiguna, sauti nzito kama ng'ombe anayenyanyuka, kisha moshi mweupe ukajaa chumba, kisha kimya. Ukisikia kiwanda cha pamba kikinyamaza ghafla mchana, unakimbia bila kuuliza. Nilipofika, Elkana alikuwa ameshavuta swichi, amesimama kando, nyusi zimeungua, machozi ya moshi yanamtoka.

Meneja hakuuliza mengi. Mota ilipimwa, fundi ameandika inaweza. Kwa hiyo kosa ni la mwendeshaji: amelala, au amezidisha mzigo, au ana kinyongo kwa sababu ya Jumamosi yake. Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ili wote wasikie. Elkana aliambiwa atoke kazini siku ile ile na aache nyumba ya kiwanda kesho yake, bila barua ya kumsaidia kupata kazi kwingine. Miaka kumi na minne alikaa na mota ile. Ijumaa, siku yake ya maandalizi, aliitumia kupakia vitanda na watoto kwenye lori la pamba lililokuwa likirudi tupu Kisegi. Mkewe, Mama Naomi, alifagia ile nyumba kabla ya kuifunga. Nilimwona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji kama mwizi.

Mbona sikusema kitu? Kwa sababu bado niliamini hesabu yangu. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiambia, labda kweli alilala.

Pritam alirudi Jumamosi asubuhi, bado anakohoa, tukaifungua mota pamoja. Tulipotoa kifuniko cha pembeni, alichomeka kidole kwenye tundu la hewa na kuvuta. Kikatoka kitu kama blanketi. Manyoya ya pamba yaliyosagana na grisi, yamekazana, yamechukua umbo la tundu lenyewe. Tundu la pili, hivyo hivyo. La tatu. Alivipanga juu ya meza, vipande vya blanketi, vingine vimeungua ukingoni. Upepo haukuwa umepita humo kwa siku nyingi. Ndani, koili za katikati zilikuwa makaa.

Hakunikaripia. Alifungua Daftari la Joto, akasoma ukurasa wote, akafuata mstari wangu kwa kidole.

"Hesabu ni sawa," akasema. Nikapumua. "Ulipima lini?"

"Jumatatu, Fundi."

"Elkana alisafisha lini?"

Nikatazama vile vipande vya blanketi juu ya meza. Nilianza kuelewa.

"Mota ya Jumatatu ni mota imeoga," akasema. "Wewe ulipima mota pamoja na yule mzee na mivukuto yake. Halafu kwenye karatasi ukamtoa mzee, ukabakisha joto lake."

Joto lile la digrii tisini na mbili halikuwa la mota peke yake. Lilikuwa la mota na magoti ya Elkana, na mimi nilikuwa nimeyacheka yale magoti kila Ijumaa.

"Nitafanya nini?" nikauliza.

"Hiyo si hesabu ya umeme," Pritam akajibu, akaendelea kuchokoa.

Nilijua maana yake. Nikienda kusema, kazi yangu inaweza kuisha, na nilikuwa nimeoa mwaka huo huo. Nisipokwenda, Elkana ndiye aliyelala kazini milele, katika midomo ya watu, yeye na watoto wake. Niliwaza kutoka asubuhi hadi saa nane. Kisha nikachukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikautoboa matundu matatu chini kwa msumari, nikachora mstari mwekundu karibu na mdomo, nikateka maji kwenye jagi, nikaenda ofisini.

"Bwana Meneja," nikasema, "mkebe huu ni mota." Akaniangalia kama anayeangalia mlevi. Nikauweka ndani ya karai juu ya meza yake, nikaanza kumimina polepole. "Maji ninayomimina ni joto linalozaliwa ndani. Matundu ni njia za hewa. Kimo cha maji ndicho joto la koili. Ona, nikimimina kwa mwendo mmoja, maji yanapanda, yanafika mahali yanatulia. Yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Hapa ndipo nilipopima mimi."

"Vizuri," akasema. "Na halafu?"

Nikatoa mfukoni kipande cha lile blanketi la manyoya, nikaziba tundu moja. Maji yakapanda. Nikaziba la pili, mkono mwingine unamimina mwendo ule ule. Maji yakapita mstari mwekundu, yakafika mdomo, yakamwagika, yakajaza karai, yakafika kwenye makaratasi yake. Akaruka. "Ouma! Acha!"

"Sikuongeza maji, Bwana Meneja," nikasema. "Nilimwondoa mtu aliyekuwa akizibua. Elkana hakulala. Aliniuliza atazibua lini, nami nikamjibu vibaya. Sahihi iliyounguza mota ni hii hapa, ni yangu."

Siwezi kusema niliongea kishujaa. Meneja alikausha makaratasi kwa leso kwa muda mrefu sana. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mjinga, na yeye pia alikuwa ametoa amri yenye sehemu yake katika jambo lile. Mwishowe akasema nitaisuka upya mota ile bila kwenda nyumbani hadi iwake, na jina la fundi wa pili limeondolewa kwangu, nimerudi kuwa mwanafunzi. "Na huyo mzee wako," akasema, "kamlete wewe mwenyewe. Mimi sijui nitamwambia nini."

Nilimwomba ruhusa siku moja kabla sijaanza kusuka. Jumapili nikapanda lori hadi Kisegi.

Nilimkuta Elkana akitengeneza ua. Mama Naomi alinikaribisha kiti, na hakunipa maji, jambo ambalo nyumbani kwa Mjaluo mnalijua uzito wake. Nilisema yote, hata la kujificha nyuma ya tangi. Elkana alinisikiliza akiwa ameshika kijiti, hakunikatiza.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Uliniuliza, Jaduong'."

"Nilikuja kwako na kofia mkononi. Watu wamewaambia watoto wangu kwamba baba yao alilala. Naomi amenirudia jana kutoka kanisani akilia." Sauti yake haikupanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wewe ulinijibu ukiangalia daftari."

Nikasema nisamehe. Alichomeka kijiti chake kwenye ua, akakifunga, akachomeka kingine. Nilibaki nimesimama. Kisha akageuka, akaniuliza, pole pole, neno kwa neno, kama siku ile mlangoni:

"Sasa mimi nitaipuliza lini?"

Nilitoa Daftari la Joto kwapani. Nikalifungua ukurasa wa mota ile, chini ya mstari wangu mzuri na digrii zangu tisini na mbili, nikampa daftari na penseli pamoja. Alifuta mikono kwenye suruali, akaketi, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwa Biblia. Alipomaliza, Mama Naomi akaniletea maji.

Achieng, mjukuu wangu, alipofunga kompyuta yake juzi nilimpa daftari hilo aende nalo. Kurasa zimekuwa za kahawia na mistari yangu imefifia, lakini maandishi ya mzee yule aliyakandamiza sana, unaweza kuyasoma kwa kidole hata gizani. Yanasema: *Ijumaa saa tisa. Mashine imezimwa. Elkana yupo.*